Elmina kwa miguu: siku mbili katika mji wa wavuvi wa Ghana

Mabasi ya watalii hufika Elmina katikati ya asubuhi, huegeshwa mbele ya ngome, na kabla ya adhuhuri yameshageuza kurudi Cape Coast. Waliomo wameona vyumba vya watumwa na mlango mwembamba wa kutokea baharini, basi. Daraja hawakulivuka, kilima hawakukipanda, bandari ya wavuvi waliiona kwa dirishani. Ni hasara, maana ngome ya Elmina huielewi ukikaa ndani ya kuta zake tu. Nusu ya habari yake iko nje: kilimani ilikopigiwa mizinga, kwenye uwanja mtupu uliokuwa mji, na kwenye maji ya mto Benya, ambako wenyeji walikuwa wakivua kabla Mreno hajaweka jiwe la kwanza.

Mwongozo huu ni wa mtu aliye tayari kulala usiku mmoja na kuutembea mji kwa miguu. Usiku mmoja unatosha. Saa mbili za basi hazitoshi.

Chagua siku kabla ya kuchagua hoteli

Kwa Wafante, wenyeji wa pwani hii, Jumanne ni siku ya bahari kupumzika. Hakuna mtumbwi unaotoka kuvua. Ukifika Jumanne asubuhi kutafuta soko la samaki utakuta mitumbwi imebanana mtoni bega kwa bega, wavuvi wameketi chini wakishona nyavu, na akina mama wachache wakiuza samaki wa jana. Kwa picha za mitumbwi hakuna siku bora zaidi ya hiyo. Kwa mnada wa samaki, safari imepotea.

Kwa hiyo mpango mzuri kuliko yote ni huu: ingia Jumapili jioni, bandari na ngome Jumatatu, kisha Jumanne iwe ya mitumbwi iliyopumzika na mitaa ya mji. Kama wiki yako haikuruhusu, siku yoyote kuanzia Jumatano hadi Jumamosi inafaa kwa soko.

Mvua kubwa ni Mei na Juni, nyingine hurudi Oktoba hivi. Wakati huo njia ya kupanda kilimani huteleza. Novemba hadi Machi ni kukavu, ila Desemba na Januari upepo wa harmattan hushuka kutoka Sahara na vumbi lake, anga likawa kama limefunikwa shuka la kijivu. Ukija wakati huo usitarajie kuona mbali kutoka kilimani.

Sikukuu mbili zinastahili kupangiwa safari. Bakatue huangukia Jumanne ya kwanza ya Julai: ndiyo siku ya kuufungua mto Benya kwa uvuvi baada ya wiki kadhaa za kukatazwa. Mungu wa mto, Nana Benya, hupewa viazi vikuu vilivyopondwa pamoja na mayai, kuhani hurusha wavu mara tatu, na namna wavu unavyopanda na kitu au mtupu husomwa kama habari ya mwaka unaokuja. Kisha mitumbwi hushindana, machifu hubebwa kwenye machela chini ya miavuli mikubwa. Edina Bronya, ya Alhamisi ya kwanza ya Januari, ni mwaka mpya wa Waelmina (wenyewe mji wao huuita Edina) na ilianza enzi za Waholanzi. Kwa sikukuu zote mbili vyumba huisha mapema, na siku yenyewe magari hayaingii katikati ya mji. Tafuta malazi unayoweza kufika kwa miguu.

Mkobani

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano lazima. Huulizwa ukitua Accra, na huulizwa tena ukirudi Afrika Mashariki, kwa kuwa Ghana iko kwenye ukanda wa ugonjwa huo. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari; kadi yenye tarehe ya jana haikusaidii kitu. Masharti ya viza yathibitishe kwa ubalozi kabla ya kukata tiketi. Dawa ya kuzuia malaria muulize daktari, hasa kama unatoka Nairobi, Arusha, Mbeya au Kigali ambako mwili haujazoea mbu wa pwani.

Chaja ya nyumbani haitakusumbua: soketi za pini tatu za mraba zinatumika Ghana pia. Saa, rudisha nyuma kwa 3 (kwa 2 ukitoka Kigali). Na kwa kuwa Ghana iko kwenye majira ya Greenwich na karibu na ikweta, jua linachomoza pale saa kumi na mbili kama kwetu, hesabu ya alfajiri haibadiliki.

Pesa ni sedi, yenye pesewa 100. Toa sedi za kutosha Accra au Cape Coast, kwa sababu Elmina mashine za benki ni chache na zikikataa hakuna ya jirani. Omba noti ndogo. Muuza samaki, utingo na mlinzi wa makaburi wote watakuambia hawana chenji, na mara nyingi ni kweli. Jambo moja la kukuchanganya: mwaka 2007 sedi ilifutwa sufuri nne, lakini baadhi ya watu wazima sokoni bado huhesabu kwa kizamani. Ukiambiwa "elfu kumi" ya machungwa matatu, usiruke. Ni sedi moja. Malipo ya simu yapo kila mahali, ila huduma zao hazisomani na M-Pesa ya nyumbani, unahitaji laini ya Ghana iliyosajiliwa kwa pasipoti.

Viatu: vya kufungwa, vyenye soli ya mpira. Sakafu ya bandari ina maji ya samaki na magamba, na ngazi za ngome zimelainishwa na miaka mia tano ya nyayo. Ndala acha hotelini.

Kufika

Kutoka Accra ni kilomita 150 na ushee kuelekea magharibi. Magari ya Cape Coast hutoka kituo cha Kaneshie. Kuna trotro, yaani daladala au matatu ya Ghana, na kuna mabasi madogo yenye kiyoyozi ambayo ni ghali kidogo na yana nafasi ya miguu. Yote huondoka yakijaa. Ukipanda la kwanza asubuhi halichelewi kujaa. Ukifika saa tano mchana unaweza kukaa saa nzima juani ukingoja abiria wawili wa mwisho. Utingo huitwa *mate*.

Muda wa safari huamuliwa na Kasoa, mji ulio nje kidogo ya Accra ambako foleni ni ya kudumu. Ukipita Kasoa kabla ya saa moja asubuhi, Cape Coast utaifikia kwa saa tatu au pungufu. Ukiingia Kasoa jioni ya Ijumaa, ongeza mbili.

Cape Coast, badili gari. Elmina ni kilomita 12 hivi mbele, na kuna trotro na teksi za kuchangia. Sema wazi "shared" kabla ya kuingia kwenye teksi, la sivyo dereva atakuchukulia umeikodi peke yako, na ubishi wa nauli huanza ukiwa umeshashuka na mizigo. Mabasi ya Takoradi nayo hupita Elmina, lakini mengi hukushushia barabara kuu, si mjini. Mwambie dereva "Elmina Castle". Shukia karibu na daraja la Benya. Kuanzia hapo hutahitaji gari hadi unaondoka.

Bandarini, saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi

Anza hapa, kwa sababu ndipo mahali pekee Elmina ambapo saa ina maana. Mitumbwi iliyolala baharini hurudi asubuhi, huingia Benya kwa kupita chini kabisa ya kuta za ngome, na samaki hushushwa ng'ambo ya pili. Simama kwanza darajani. Ukiwa juu ya daraja humkwazi mtu, na unauona mpangilio mzima: mtumbwi unaoingia, vijana wanaoruka majini kushika kamba, wanawake wenye mabeseni wanaosubiri.

Tazama mitumbwi yenyewe kwa karibu. Si ngalawa, haina matengo. Chini ni gogo moja la mti wa wawa lililochongwa, juu yake mbavu zimeongezewa mbao ili kimo kiwe kikubwa, na nyuma, ubavuni, imefungwa mashine. Mikubwa hubeba watu kumi na zaidi. Ubao wote umechorwa: bendera za nchi, timu za mpira, aya za Biblia, mafumbo na vijembe, kama vile khanga imegeuzwa chombo. Mtu aliyezoea kusoma nyuma ya daladala atajisikia nyumbani.

Biashara ya samaki ni ya wanawake. Mvuvi hapangi bei peke yake. Wapo wanunuzi wakubwa, na juu yao yupo konkohemaa, malkia wa wauza samaki, ambaye neno lake huweka bei ya mwanzo ya siku. Upande wa wavuvi yupo apofohene, chifu wao, anayeamua migogoro ya nyavu na faini za waliovunja Jumanne. Ukitaka kupiga picha za watu au kupanda mtumbwi, usiombe kwa kijana wa kwanza anayekufuata. Uliza apofohene au mwakilishi wake yuko wapi, salimia, eleza, toa kitu kidogo. Kibali chake ni kizito; cha kijana hakimzuii kijana mwingine kudai chake.

Makosa ya kawaida ni matatu. Kusimama kwenye njia ya wabeba mabeseni: mzigo wa samaki kichwani hauna breki, utasukumwa na utakuwa umestahili. Kuinua kamera kabla ya salamu: wanawake hapa hugeuza mgongo au humwaga maji kuelekea upande wako. Na kutoa au kupokea kitu kwa mkono wa kushoto, ambalo hata kwetu ni utovu wa adabu, ila hapa hutamkwa wazi na mbele ya watu.

Nyuma ya soko ziko tanuri za kukaushia kwa moshi, nyingine za udongo za mviringo, nyingine za mraba zenye trei za waya zilizopangwa moja juu ya nyingine. Samaki wa moshi wa hapa husafirishwa hadi mbali ndani ya nchi. Macho yatakuwasha baada ya dakika tano. Msimu mkubwa wa samaki ni kati ya Julai na Septemba, maji ya baridi ya chini yanapopanda juu na kuleta dagaa na samaki aina ya simu. Lakini tangu 2019, katika miaka mingi serikali imekuwa ikifunga uvuvi kwa wiki kadhaa katikati ya mwaka ili samaki wazaane. Ukija majira hayo piga simu hotelini kwanza uulize kama bahari iko wazi.

Ngome: ingia ikifunguliwa tu

Kutoka bandarini vuka daraja, uwe langoni saa tatu au tatu na nusu, kabla ya mabasi. Tiketi ya mgeni ni ghali kuliko ya Mghana. Mwanafunzi mwenye kitambulisho hupunguziwa, kwa hiyo kibebe. Bei hiyo ina muongozaji ndani yake, na matembezi huchukua saa moja hivi kwa Kiingereza. Ukitaka kikundi kidogo, ndiyo faida ya kuwahi: wa kwanza mara nyingi ni watu wanne au watano, wa saa tano ni arobaini, na kwenye chumba cha chini watu arobaini hawasikii kitu.

Mlangoni kuna vijana. Watakuuliza jina, unatoka wapi, mama yako anaitwaje. Ukitoka, mmoja atakuwa ameshika kombe la bahari lenye jina lako limechorwa kwa rangi, pamoja na neno la urafiki, na bei. Wengine huja na karatasi ya kuchangia timu ya mpira. Dawa ni kusalimia kwa uchangamfu bila kutaja jina. Ukishalitaja, kombe limeshachorwa.

Ujue kidogo kabla ya kuingia, ili usitegemee muongozaji kwa kila kitu. Wareno walifika pwani hii 1471 wakitafuta dhahabu. Jina Elmina limetokana na *a mina*, mgodi. Januari 1482 Diogo de Azambuja alishuka na mafundi na mawe yaliyochongwa tayari Ureno, akaomba ruhusa kwa mtawala ambaye maandishi ya Wareno humwita Caramansa. Mafundi walipoanza kuvunja mwamba uliokuwa mtakatifu kwa wenyeji, ugomvi ulizuka, zawadi zikaongezwa, ujenzi ukaendelea. Kwa kulinganisha: Ngome ya Yesu ya Mombasa ilianzwa na Wareno haohao 1593, miaka 111 baadaye. Aliyeitembea Mombasa atatambua mkono, ila Elmina si ngome ya matumbawe, na mpangilio wake ni wa ghala la biashara lililoongezwa ghorofa kila baada ya miaka.

Jambo linalowashangaza wengi: miaka ya mwanzo Wareno walileta watumwa Elmina badala ya kuwatoa, wakiwauza kwa wafanyabiashara wa hapa ili kulipia dhahabu. Biashara iligeuka kuelekea Amerika polepole, ikawa ndiyo kazi kuu chini ya Waholanzi, walioiteka ngome 1637 na kuipiga marufuku biashara hiyo 1814. Waingereza waliipokea 1872. Orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO iliingiza ngome za pwani hii 1979.

Ndani, tembea hivi. Unavuka daraja juu ya mahandaki mawili makavu, unaingia uani. Jengo lililo katikati ya ua ndilo kanisa la Wareno. Waholanzi, waliokuwa Waprotestanti, walilitoa kwenye ibada na kulifanya la biashara. Leo ni makumbusho madogo, na watu hulipita mbio. Lipe robo saa *mwishoni*, ukishaona mengine yote.

Ua wa wanawake ndio mahali pa kusimama. Ni mdogo, una vyumba vya chini pande zake, una tangi la maji ya mvua, na sakafuni liko tufe la chuma ambalo mwanamke aliyekataa alifungwa nalo juani. Inua kichwa: juu yako kuna roshani ya mbao. Gavana alisimama pale kuchagua. Ngazi inayopanda kutoka uani hadi kwenye makazi yake haihitaji maelezo ya mtu.

Upande wa ua mkubwa kuna milango miwili iliyokaribiana. Mmoja una matundu ya hewa: ni wa askari waliokosa nidhamu. Mwingine juu yake kuna fuvu na mifupa iliyochongwa, na ndani hakuna tundu hata moja: ni wa watumwa walioasi. Muongozaji huwafungia wageni humo kwa sekunde chache. Mwenye pumu au hofu ya sehemu finyu aseme mapema abaki nje. Hakuna anayemlazimisha mtu. Baada ya hapo mnashuka kwenye vyumba vinavyopungua ukubwa hadi cha mwisho, chenye upenyo mwembamba wa kupita mtu mmoja kwa ubavu. Huo ndio mlango wa kutorudi. Nje yake zamani ilikuwa ni kuingia mashuani moja kwa moja.

Vikundi vya Wamarekani weusi na watu wa Karibi huja hapa kama msibani. Wataweka mashada, watalia, wataomba kwa sauti. Toka chumbani uwaachie. Kujipiga picha umetabasamu mlangoni humo si kosa kisheria, lakini utaonekana ulivyo.

Ghorofa za juu, uliza mambo mawili ambayo muongozaji anaweza kuyaruka akiwa na haraka. La kwanza ni kanisa la Waholanzi, ambalo mlango wake una mstari wa Zaburi ya 132 kwa Kiholanzi, ukisema pale ndipo mahali pa Bwana pa kupumzika. La pili ni chumba cha Prempeh wa Kwanza. Asantehene huyu, yaani mfalme wa Waasante, alikamatwa na Waingereza Kumasi Januari 1896, akashikiliwa Elmina, akapelekwa Sierra Leone 1897, na 1900 akahamishiwa Shelisheli. Huko visiwani alikaa uhamishoni pamoja na Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro. Mwanga alifia huko 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi 1923 akafia Jinja njiani. Prempeh alirudi Kumasi 1924. Mganda anayesimama kwenye chumba hiki kidogo ana haki ya kukaa zaidi ya dakika moja.

Uwanja mtupu

Ukitoka langoni usirudi darajani mara moja. Geuka magharibi, upande ambao hauna kitu. Hapo palikuwa na Elmina ya kwanza, mji wa nyumba za mawe zilizobanana hadi miguuni mwa ngome. Waingereza walipopokea ngome 1872, mfalme wa mji, Kobina Gyan, alikataa kuwatambua. Alipelekwa uhamishoni Sierra Leone. Tarehe 13 Juni 1873 mizinga ilipigwa, mji ukachomwa, na haukujengwa tena mahali pale. Waakiolojia wamechimba hapa baadaye wakakuta misingi ya nyumba, mabakuli ya Ulaya na kiko za udongo. Hakuna ukuta wa kukuonyesha hayo, ndiyo maana mabasi hayasimami. Ila ukishajua, utaona kwa nini ng'ambo ya mto mji wa leo unaonekana umehamia.

Ufukwe wa hapa usiogelee. Mkondo unavuta, na maji machafu ya mji huishia humo. Anayetaka kuoga baharini aende kwenye hoteli za nje ya mji zenye mlinzi wa ufukwe, na hata huko asipite kiunoni.

Kilimani, saa kumi jioni

Vuka daraja, panda kilima kilichoikabili ngome. Ni mwendo wa dakika kumi, mkali lakini mfupi. Juu kuna ngome ndogo ya Mtakatifu Yago, ambayo Waholanzi waliiita Coenraadsburg.

Wareno hapa juu walikuwa na kanisa dogo tu. 1637 Waholanzi waliburuta mizinga hadi kileleni, wakaielekeza chini, na ngome iliyojengwa kukabili adui wa baharini ikapigwa kutoka nchi kavu. Ilisalimu amri. Walioshinda hawakutaka kufanyiwa walichofanya, kwa hiyo walikiimarisha kilima chenyewe. Simama kwenye ukingo utazame chini, utaelewa kwa jicho moja: paa la ngome liko wazi kama sahani.

Jioni mwanga hupita kwa ubavu, kuta nyeupe hupata vivuli, mitumbwi inaanza kutoka. Asubuhi kutoka hapa unapiga picha dhidi ya jua na kila kitu kinakuwa bapa. Lango likifungwa, usisumbuke. Mandhari yako nje ya ukuta. Shuka kabla ya giza, taa njiani ni chache.

Kula

Chop bar ni mama ntilie wa Ghana. Agiza kenkey ya Kifante, ambayo wenyewe huiita *dokono*: unga wa mahindi uliochachushwa, ukafungwa kwa majani makavu ya mgomba na kuchemshwa kwa saa kadhaa. Ile ya Accra hufungwa kwa maganda ya mahindi na ina chumvi. Ya hapa ni laini na chachu yake imetulia. Mla ugali ataona ni ndugu aliyekwenda mbali. Huliwa na samaki wa kukaanga, pilipili mbichi iliyosagwa na nyanya, na *shito*, pilipili nyeusi ya mafuta yenye unga wa samaki na kamba. Kijiko kimoja cha shito kwanza, ndipo uongeze.

Mtu asiye na hamu ya chachu aombe *waakye*, wali na kunde uliopikwa na majani ya mtama hadi ukawa mwekundu. Huuzwa asubuhi na huisha. Saa saba mchana unaambiwa sufuria imeoshwa.

Siku ya pili: mitaa

Anza saa moja asubuhi, kabla joto halijapanda, kwa Liverpool Street. Pande zake ziko nyumba za mawe za wafanyabiashara wa karne ya 19, nyingi za familia zilizochanganya damu ya Kifante na ya Kiholanzi, na majina ya familia hizo bado yapo mjini. Baadhi zimekarabatiwa, nyingine zina mti uliomea ghorofani. Ni makazi ya watu. Usiingie uani bila kubisha.

Katikati ya mitaa hiyo utakutana na vitu ambavyo havifanani na chochote cha pwani yetu: *posuban*, majengo ya saruji yenye sanamu za rangi kali. Ni vituo vya asafo, vikosi vya kivita vya Wafante, ambavyo mtu huvirithi kwa upande wa baba ingawa ukoo na mali hupita kwa mama. Kila kikosi kina namba, rangi, bendera na sanamu zake. Elmina ipo yenye meli, na ipo yenye Adamu na Hawa. Sanamu hizi ni vijembe vilivyosimama: kikosi kimoja kinakiambia kingine kitu, na jibu liko mtaa wa tatu. Kwa hiyo usiridhike na picha. Tafuta mzee aliyeketi karibu, msalimie, muulize sanamu ile inamwambia nani. Kutoa sadaka ya kinywaji au pesa kidogo ni desturi, na ni baada ya hapo maelezo hunyooka. Usipande juu yake wala kugusa milango. Ndani mna vitu vya ibada.

Makaburi ya Waholanzi, yaliyofunguliwa 1806, ni bustani ndogo yenye ukuta na mnara mweupe. Mlinzi akiwepo atakufungulia. Dakika kumi na tano zinatosha. Kanisa la Mtakatifu Yosefu juu ya kilima kingine ni la ujio wa pili wa Wakatoliki: mapadre Moreau na Murat walifika 1880, miaka 12 baada ya wenzao kuanza Bagamoyo.

Kisha Mlima Java. Kati ya 1831 na 1872 Waholanzi waliandikisha hapa Waafrika wapatao 3,000 kwenda kupigana katika makoloni yao ya Indonesia, ambako waliitwa *Belanda Hitam*, Waholanzi weusi. Waliorudi na pensheni walipewa viwanja mlimani, na jina likabaki. Mjini kuna makumbusho madogo ya habari zao; waulize hotelini kama yako wazi siku hiyo kabla ya kutembea juani. Utaambiwa pia kwamba maaskari hao ndio walioleta batiki, na kwamba kitenge chetu kilizaliwa hapo. Ni hadithi tamu, wanahistoria wanaibishia. Lililo wazi ni kwamba Waholanzi walianza kuiga batiki ya Java kwa mashine, na wateja walioipenda wakapatikana pwani hii. Ukinunua vitambaa, pima kwa yadi: hapa huuzwa vipande vya yadi 2, 6 au 12.

Ukiwa na siku ya tatu

Usiitumie Elmina, itumie Kakum, msitu ulio kilomita 33 hivi kaskazini ya Cape Coast. Kuna madaraja saba ya kamba na mbao, jumla ya mita 350, yaliyoning'inizwa kati ya miti mirefu. Wanyama hutawaona mchana, na wikendi hutawaona kabisa kwa kelele za wanafunzi. Fika mapema siku ya kazi. Kwa barabara nyingine, ile ya kwenda Kumasi, iko Assin Manso, penye mto ambako mateka waliogeshwa mara ya mwisho kabla ya kushushwa pwani. Anayeweza kukodi teksi ya siku nzima apite Kakum kwanza, halafu Assin Manso. Patana bei, muda wa kungoja na mafuta kabla gari halijawashwa, na lipa mwisho wa safari.

Kurudi Accra, toka Elmina kabla ya saa moja asubuhi. Kama ndege yako ni ya usiku Jumapili, ondoka Jumamosi: Jumapili jioni mazishi na harusi za mikoani zote zinarudi Accra kwa barabara hiyo moja, na Kasoa haimhurumii mwenye tiketi.